Mtu Yuko Wapi Ndani ya Kitenzi? Niliyojifunza Nikifundisha Kiingereza Kindu

Siku hizi ukitangaza darasa la jioni la Kiingereza hapa Kindu, viti havitoshi. Zamani walikuja wachache, wale waliotaka kazi kwa askari wa Umoja wa Mataifa au kwenye mashirika ya misaada, ambako maagizo hutoka redioni kwa Kiingereza. Tangu nchi yetu ya Kongo ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, hesabu za vijana zimebadilika. Kifaransa kitanifikisha Kinshasa, wanasema, Kiswahili kitanifikisha Dar es Salaam, lakini barua ya kuomba kazi Arusha nitaiandika kwa Kiingereza. Kwa hiyo wanafunzi wa sekondari wakishatoka, madawati yaleyale yanakaliwa na madereva, walinzi wa bohari, wauguzi, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kindu, na mama wauza mchele waliovuka mto kutoka Alunguli.

Msamiati hauwasumbui sana. Kamusi wanazo kwenye simu. Kinachowaangusha ni mahali pa kumweka mtu na mahali pa kuweka kitu baada ya kitenzi. "Wait me, Prof." "Explain me this one." "Pick up it." "He stole me my phone." Kila neno ni la Kiingereza safi, ila sentensi zinachechemea, na mwenye kuzisema hajui kwa nini. Haya ndiyo niliyoyapata katika kuwasikiliza.

1. Tatizo halianzi kwenye Kiingereza, linaanza kwenye utajiri wetu

Mtu wa Kindu hahitaji kufundishwa kwamba tendo lina anayetendewa. "Nimekuletea" ni neno moja tu, nalo limembeba aliyeleta, aliyeletewa, wakati, tendo lenyewe, na habari kwamba kilicholetwa ni kwa ajili yako. Kiingereza kinaugawa mzigo huo: "I have brought it for you". Maneno sita, na "for" inajitegemea, haikushonwa popote.

Kiswahili chetu cha hapa mkoani Maniema kiliingia karne ya 19 pamoja na misafara ya Waswahili kutoka pwani, waliopiga kambi Nyangwe na Kasongo, huko juu ya mto, na kimeacha mengi njiani. Sisi husema "batu" badala ya "watu", "mayi" badala ya "maji", na mwalimu wa Kiswahili sanifu akitusikia atajishika kichwa. Lakini nafasi ya mtendewa ndani ya kitenzi hatukuiacha. "Nilibaletea mayi": hiyo -ba- imekaa palepale inapokaa -wa- ya Unguja. Mwanafunzi anapofika darasani kwangu ana miaka ishirini, thelathini ya kumtia mtu katikati ya kitenzi bila kufikiri.

Na kazi kubwa zaidi inafanywa na ile -i- au -e- ya kauli ya kutendea. Baadhi ya vitabu vya sarufi ya Kiswahili vilivyoandikwa kwa Kiingereza viliiita umbo la kihusishi. Nadhani waandishi walikuwa wakijieleza wenyewe, maana wao ndio wenye haja ya vihusishi. Irabu hiyo moja ukiipeleka kwao, inarudi na sura tofauti kila mara. Amemnunulia mtoto kalamu: hapo ni "for". Amemwandikia gavana barua: ni "to". Wamemwibia mzee simu: ni "from". Ameulilia mji wake: "for" au "over", kulingana na kilio. Kwa hiyo swali ninaloulizwa kila muhula, "Prof, hiyo -ea inaitwaje kwa Kiingereza?", halina jibu. Jibu liko kwenye kitenzi, haliko kwenye irabu.

Chukua wizi, maana simu zinaibiwa sana. "Wameniibia simu" ni sentensi ambayo hakuna mtu wa mji huu asiyewahi kuisema au kuisikia. Kiingereza kina vitenzi viwili vya shughuli hiyo na kila kimoja kina mtu wake. "Steal" kinashika kitu kwanza, na mtu anafuata nyuma ya "from": "they stole it from me". "Rob" kinamshika mtu kwanza, na kitu ndicho kinachofuata nyuma, tena kwa "of": "they robbed me of it". Ukisema "they stole me", umeripoti polisi kwamba umetekwa nyara.

2. Mara nyingi mdanganyifu ni Kifaransa

Hili lilinichukua muda kuliona, kwa sababu sote tulizoea kulaumu Kiswahili. Shuleni tulifundishwa kwamba Kifaransa na Kiingereza ni majirani, na kwamba lugha ya nyumbani ndiyo inayotuchelewesha. Nilipoanza kuandika makosa ya wanafunzi katika safu mbili, ya Kiswahili na ya Kifaransa, picha ikawa nyingine.

Kuna kundi la vitenzi ambavyo Kiswahili na Kifaransa vimekubaliana dhidi ya Kiingereza. Kungoja, kusikiliza, kutazama, kutafuta: lugha zetu mbili humshika mtu moja kwa moja, "namngoja", "je l'attends". Kiingereza kinataka kihusishi: "wait for him", "listen to him", "look at him", "look for him". Hapo mwanafunzi wa Kindu hana pa kukimbilia, kila anachokijua kinamvuta upande mmoja. Hivi ni vya kukariri tu, na kuvirudia mpaka mdomo uchoke.

Kundi la pili ndilo lililonishangaza. Kuuliza, kujibu, kuambia, kusamehe, kutii, kushauri, kupigia simu. Kifaransa hutumia "à" katika vyote: demander à, répondre à, dire à, pardonner à, obéir à, conseiller à, téléphoner à. Ndiyo maana ninasikia "I asked to the chief", "answer to me", "she told to us", na hata wanafunzi wa chuo kikuu wanaandika hivyo. Sasa tazama Kiswahili: nilimuuliza, nijibu, alituambia, msamehe, mtii, mshauri. Na Kiingereza: "I asked him", "answer me", "she told us", "forgive him", "obey him", "advise him". Vimelingana neno kwa neno! Mama aliyeacha shule darasa la nne, asiyejua "demander" wala "répondre", anasema "answer me" sawasawa mara ya kwanza, na mwenye diploma anakosea. Ndoa ni vilevile. Kifaransa kinaoa kwa "avec", basi wenye Kifaransa wanatuambia "he married with my sister". Kiswahili kinasema "amemwoa", na Kiingereza "he married her", bila "with" yoyote.

Tangu hapo nawaambia wazi: kwenye orodha hii ya pili, msikilizeni bibi yenu, msimsikilize mwalimu wa Kifaransa. Mwenzangu anayefundisha Kifaransa hajafurahia, lakini hajanipa mfano wa kunipinga.

Kuna kitenzi kimoja ambacho mama wauza mchele walinifundisha wao. Maniema ni nchi ya mpunga, na sokoni maneno ya kulipa hayakosi. Katika Kiswahili kumlipa ni kwa mtu, kulipia ni kwa kitu: unilipe mimi, uulipie mchele. Kiingereza kimegawa hivyohivyo: "pay me", "pay for the rice". Hapa -i- ya kutendea na "for" vinakutana pasipo ubishi. Mama mmoja alijitungia sentensi nzima ya biashara bila msaada, "You pay me, you pay for the rice, you don't pay for the bag", akaiandika nyuma ya daftari ili aitumie kwa wageni wanaodai kifuko cha bure.

3. Kitenzi kisiandikwe peke yake

Daftari za wanafunzi wangu zilijaa mistari ya namna hii: wait = kungoja; look = kutazama; explain = kueleza; listen = kusikiliza. Mistari hiyo ndiyo chanzo cha nusu ya makosa. Sasa siruhusu kitenzi kiingie daftarini bila mtu au kitu chake. Kinaandikwa "wait for me = ningoje", "tell me = niambie", "look at it = itazame". Mstari unakuwa mrefu zaidi, wanalalamika kwamba karatasi inaisha. Iishe.

4. "Pick it up", au kwa nini kitu kidogo kinapenda kukaa katikati

Samuel Johnson, mwaka 1755, katika dibaji ya kamusi yake kubwa ya Kiingereza, aliandika kwamba vitenzi vinavyofuatwa na kijineno, vile vya "come off" na "set out", ndivyo vinavyowatesa wageni kuliko vyote. Karibu miaka mia tatu baadaye wageni tungali tunateswa.

Agizo la kawaida kwa dereva ni hili: "Pick up the doctor at the airport." Anaweza pia kuambiwa "pick the doctor up". Zote mbili ni sawa. Lakini daktari akishageuka kuwa "him", njia inabaki moja tu: "pick him up". "Pick up him" haipo, isipokuwa unamnyooshea mtu kidole na kumtofautisha na mwingine, yaani umpandishe yule, usimpandishe huyu. Kiwakilishi ni kijineno kisicho na uzito, na Kiingereza hakipendi kukiacha mwishoni nyuma ya "up", "off", "out" au "on".

Ugumu ni kwamba si kila "up" ni ya namna hiyo. Kuna vitenzi vya maneno mawili ambavyo kijineno chake ni kihusishi halisi kilichomshika mtu, na hivyo havikubali kuachanishwa. "Look after the child", "look after him", na kamwe si "look him after". Wanafunzi wanauliza watajuaje. Jaribio ninalowapa ni la sikio. Kama mkazo unaangukia kijineno, kiwakilishi kinaingia katikati: "pick it UP", "turn it OFF", "drop her OFF". Kama mkazo unabaki kwenye kitenzi na kijineno kinapita haraka, kiwakilishi kinakaa nyuma: "LOOK at it", "WAIT for me", "LISten to her". Tunapiga makofi kwenye mkazo. Wapita njia wanadhani ni kwaya. "Look after" yenyewe inayumba kidogo katika jaribio hili, kwa sababu "after" ina uzito wake, basi hiyo nimewaambia waikariri na wasinisumbue.

Mfano ambao haujawahi kushindwa ni wa "run up". "He ran up the hill": alikipanda kilima mbio, kwa hiyo "he ran up it". "He ran up a bill": aliacha deni likapanda, kwa hiyo "he ran it up". Maneno yaleyale, mpangilio uleule, mpaka kiwakilishi kinapoingia na kufichua kwamba ndani yake kulikuwa na sentensi mbili tofauti.

Lakini somo hili liliingia vichwani siku ya mlinzi wa bohari. Alikuwa mtu makini, asiyekosa kipindi, na kazini kwake alitakiwa kila mwezi kuandika taarifa fupi kwa Kiingereza. Aliambiwa na mkuu wake "look the list over before you sign". Akaelewa vizuri: aikague orodha kabla ya kutia saini. Akaikagua kweli, mstari kwa mstari. Kisha alipoandika taarifa akaona aunganishe, aonekane msomi: "I overlooked the list before I signed it." Mkuu wake akampigia simu usiku. Kwa Kiingereza alikuwa ameandika kwamba orodha hakuitazama, ikampita tu, akatia saini. Darasani tulizipanga ubaoni zote tatu. "Look it over": ikague. "Look over it": tazama upande wa pili ukipitisha macho juu yake, labda ni ukuta. "Overlook it": ikupite usiione, au uifumbie macho. Vipande ni vilevile viwili na kiwakilishi kimoja, vikihama vinageuza maana juu chini. Mlinzi huyo sasa ndiye anayewasahihisha wenzake, tena kwa ukali kuliko mimi.

5. Maandishi yanadanganya, masikio yanasema kweli

Papa mmoja dereva, aliyekuwa ameshafanya kazi na redio za wageni kabla ya kuja kwangu, aliniletea daftari lake la zamani. Alikuwa amejifunza kwa kusikia peke yake. Ukurasa wa kwanza uliandikwa kwa kalamu nyekundu: "pikimap = kumchukua uwanjani". Chini yake: "dropimof = kumshusha". Na chini zaidi: "telim = umwambie".

Niliondoka na daftari lile nikalisoma lote nyumbani. Papa yule alikuwa amesikia Kiingereza kinavyosemwa kweli. Ukurasani "pick him up" ni maneno matatu, lakini mdomoni mwa Mwingereza ni moja, "h" imemezwa, na "him" imebanwa katikati ya tendo, mahali palepale inapokaa -m- ya "kumchukua". Kiingereza kinachosemwa kinamweka mtu ndani ya kitenzi karibu sawa na sisi. Kinachoficha jambo hilo ni nafasi nyeupe za waandishi tu.

Kwa hiyo sasa naanza na mdomo. Wanafunzi wanasema "weitfami", "givitumi", "lukatit" wakiwa hawajaona maandishi yoyote, wanalitamka neno zima kwa pumzi moja. Baada ya wiki ndipo tunafungua nafasi na kuona ndani mna nini. Wanaoanza hivi hawasahau "for", kwa sababu "weitmi" kwao ni neno lililokatwa mguu.

Nilimuuliza Papa: na kama abiria ni mwanamke? Akafikiri, akajibu "pikimap". Kwa Kiswahili ni -m- tu, hakuna sababu ya kubadilisha. Ikabidi tuongeze mstari katika ukurasa wake mwekundu: "pikarap". Aliniambia kwamba sasa ameelewa kwa nini siku fulani alisimama uwanja wa ndege akimtafuta bwana, na bibi amekaa pembeni juu ya sanduku, amekasirika.

6. Vitenzi vyenye sura ya Kifaransa vinataka "to"

"Explain me" ndiyo sentensi inayosikika zaidi darasani kwangu, na chanzo chake ni wazi: "expliquez-moi" upande mmoja, "nieleze" upande mwingine. Zamani nilikuwa najibu kwa utani kwamba siwezi kukueleza wewe, bado sikufahamu vya kutosha. Utani ulichekesha lakini haukufundisha kitu.

Kinachofundisha ni historia. Mwaka 1066 Wanormani walivuka bahari wakaitwaa Uingereza, na kwa karne kadhaa lugha ya wakubwa ikawa Kifaransa. Kiingereza kikabaki na tabaka mbili za vitenzi. Vile vya kale, vifupi, vya nyumbani, humkubali mtu mara baada ya kitenzi: "give me", "tell me", "show me", "send me", "lend me", "teach me". Vile virefu vilivyoingia kwa njia ya Kifaransa na Kilatini, vingi vyao havikubali. Mtu lazima apitie "to": "explain it to me", "describe it to us", "announce it to them", "suggest it to her", "introduce him to me".

Kwa mwanafunzi wa Kindu hii ni zawadi, kwa sababu vile virefu anavijua tayari. Expliquer, décrire, annoncer, suggérer. Ukikitazama kitenzi cha Kiingereza ukakuta kina sura ya Kifaransa, mpeleke mtu nyuma ya "to". Ni kanuni yenye wakaidi wachache. "Promise me" inakubalika, na "promise" ina sura ya Kifaransa kabisa. "Offer me" pia, ingawa "offer" iliingia mapema kutoka Kilatini cha kanisa, kabla ya Wanormani kufika. "Advise me" na "inform me" humshika mtu moja kwa moja, ila haviwezi kubeba kitu pembeni yake bila kihusishi: "inform me of it". Wakaidi hawa nimewaandika juu ya ubao pembeni, hawafutwi.

Mtu na kitu vyote vikiwa viwakilishi, "give it to me" ndiyo salama. Utasikia "give me it" kwa Waingereza, na baadhi yao wa kaskazini husema "give it me", lakini atakayesahihisha mtihani hatakuwa mtu wa kaskazini. Kiswahili chenyewe hakina nafasi ya wawili ndani ya kitenzi. Ukishaweka -ni- katika "nipe", kitabu kitabaki nje. Wanyarwanda, hapo mashariki ya Kivu, kitenzi chao hubeba zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja, na mwanafunzi wangu aliyekulia Goma alilitangaza hilo darasani kwa majivuno makubwa.

7. Ukinyamaza, Kiingereza kinakuuliza "nini?"

"Umeiona barua?" "Nimeona." Kwa Kiswahili jibu limekamilika, wote wawili tunajua ni barua. Mwanafunzi anahamisha: "Did you see the letter?" "Yes, I saw." Mwingereza anabaki anasubiri. Lazima "I saw it", "I sent it", "I brought it". "It" hii haina faida yoyote kwa habari, sote tunajua ni barua, lakini bila yake nyumba ya sentensi haina mlango. Ngeli zetu zote, ki- na i- na u- na li-, zinaishia kwenye kineno hicho kimoja, na bado ndicho wanachokisahau kuliko vyote.

8. Kihusishi kinaweza kubaki mwisho, kikiwa kimeachwa

Kwa kifupi. "Unamngoja nani?" ni "Who are you waiting for?", na "for" inaning'inia mwisho. Wenye Kifaransa wanaona aibu kuiacha hapo, wanaivuta mbele: "For who you wait?" Wengine wanaitupa kabisa. Ninawaambia waiache ining'inie, haitaanguka. Vivyo hivyo "alichekwa" ni "she was laughed at", na "at" inabaki peke yake mwisho wa sentensi bila mtu wa kumshika.

9. "On" ya maumivu

Hili nililipata mwisho, na ndilo ninalolipenda. Kauli yetu ya kutendea haisemi tu kwamba jambo limefanywa kwa faida ya mtu. Inasema pia kwamba limemwangukia. Amenikatia simu. Wamenifungia mlango. Simu imenizimikia njiani. Mvua ilituangukia. Hakuna aliyefaidika hapo, ni watu walioudhiwa, nasi tunawataja ndani ya kitenzi kwa irabu ileile ya kununulia na kupikia.

Wanafunzi walidhani Kiingereza hakina kitu cha namna hiyo. Kinacho, nacho kinatumia "on". "He hung up on me": alinikatia simu. "They shut the door on me." "My phone died on me." "She walked out on him": aliondoka, na si kuondoka tu, alimwachia maumivu. Mwenye kuondolewa, kukatiwa, kufungiwa, Kiingereza kinamweka nyuma ya "on" na msikilizaji anajua kwamba kuna malalamiko. Vitabu vya shule tulivyonavyo havitaji "on" hii, na wanafunzi wa Kindu wanaielewa kwa dakika moja, kwa sababu ni lugha yao wenyewe. Walitunga sentensi mpaka kengele ikalia, za mwenye nyumba, za betri, za wachumba.

Bora zaidi iliandikwa na mama mmoja ambaye alikuwa ametoka safari ya Kongolo kwa reli. Wanaoijua treni yetu hawahitaji maelezo. Aliandika: "The train broke down on us at Kibombo and nobody told to us anything." Treni ilituharibikia Kibombo, na hakuna aliyetuambia lolote. Nilichukua kalamu nyekundu. "On" nikaiacha ilipo. "To" nikaikata, nikamwandikia pembeni: hii ni ya Kifaransa, tazama somo la pili.